Treni Iliyopita Chini ya Kitanda cha Bibi

Enzi zetu kitanda kilikuwa na uvungu. Mlioanza darasa la kwanza Nachingwea au Ruangwa miaka niliyoanza mimi mnajua ninachosema. Uvunguni kulikaa kila kitu: sanduku la bati la nguo, jembe lililokatika mpini, kuku anayeatamia, viatu vya Idi vinavyosubiri Idi nyingine, na sisi wenyewe tukikimbia fimbo. Siku hizi fundi anakutengenezea kitanda kimeziba mpaka sakafuni, mbao kulia, mbao kushoto, droo mbele, na mgeni akija anasifia. Mtoto akitaka kujificha, ajifiche wapi? Kwenye simu.

Naandika nikiwa na hasira, sifichi. Hapa Ruangwa mjini tumepanga chumba kimoja, mimi, mume wangu na binti yetu Somoe aliyeanza shule mwaka huu. Chumbani hamna pa kuweka hata kigoda, kwa hiyo Somoe alikuwa amejenga reli yake koridoni, ameibana kabisa ukutani isimsumbue mtu. Mabehewa ni maboksi ya dawa ya meno, stesheni ni boksi la sabuni alilolikata dirisha. Juzi kijana wa chumba cha mwisho kapita, macho kwenye simu, masikio kayaziba, anacheka peke yake. Kakanyaga stesheni. Kakanyaga na treni. Nilipotoka kumuuliza, hakuinua hata kichwa.

"Sori maza. Si maboksi tu hayo?"

Maboksi tu! Nikamwambia nilichomwambia, na hakifai kuandikwa. Mama mwenye nyumba akatoka kwa kelele zetu, na badala ya kumgombeza huyo anayetembea bila kutazama, akanigeukia mimi.

"Mama Somoe, koridoni kwangu si jalalani. Nikirudi sokoni nikayakuta hayo makorokoro, nayatia kiberiti."

Somoe hakulia. Angelia ingekuwa afadhali. Aliokota vipande kimoja kimoja akavifunga kwenye khanga yangu, akaniuliza, "Mama, sasa itapita wapi?"

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda chetu, nacho ni hicho hicho cha kisasa kisicho na uvungu, na akili ikaniondoka hapo, ikarudi Ruponda.

Nyumbani kwetu ni Ruponda, wilaya ya Nachingwea. Nimelelewa nyumbani kwa bibi mzaa mama, mama yangu naye akiwa hapo hapo, na bibi huyo jina lake ndilo nililompa binti yangu. Bibi Somoe alipokuwa msichana treni ilikuwa inapita pale kijijini. Ilijengwa enzi za wakoloni kwa ajili ya mashamba ya karanga, karanga zikawashinda, na baadaye reli ikang'olewa yote, zamani sana, mama yangu hajazaliwa. Sisi tulikuta tuta tu. Tuta limenyooka katikati ya pori kama mtu amechapa mstari kwa rula, na ndilo lilikuwa njia yetu ya shule. Kengele ya shule nayo ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa waya. Ukichelewa, unaisikia ukiwa bado tutani na kidumu chako cha maji, miguu ina umande, na unajua kabisa mwalimu wa zamu ameshasimama mlangoni. Leo mtoto anapelekwa shule kwa bodaboda na bado anafika anapiga miayo.

Bibi aliuza mihogo ya kuchemsha pale stesheni. Alikuwa anaipitisha kwenye madirisha ya mabehewa, wasafiri wananunua, treni inaondoka, yeye anabaki na ungo wake. Alijua kila kitu kuhusu ile treni isipokuwa kitu kimoja: hakuwahi kuipanda. Kila msimu alisema msimu ujao nitakwenda Mtwara nikaione bahari. Msimu ukaja, treni haikuja. Alikuwa akilisimulia hilo bila kulia wala kuhuzunika, kama mtu anayekueleza kwamba mchuzi umeungua. Lakini alilisimulia mara nyingi.

Sasa, reli yetu. Aliyeianza ni kaka yangu Hamisi, aliyenitangulia miaka michache. Alitengeneza kichwa cha treni kwa kopo la samaki, magurudumu akakata kwenye ndala iliyokatika. Nyumba ilikuwa ndogo na imejaa watu, nje kuna mbuzi na wadogo wa majirani, kwa hiyo mahali pekee ambapo kitu chako kingelala salama ni uvunguni mwa kitanda cha Bibi. Hapo ukiingia unalala kifudifudi, ukiinua kichwa unakigonga kwenye kamba za kitanda. Harufu ya pale naikumbuka mpaka leo: udongo uliopigwa maji, mafuta ya nazi ya Bibi, na kochoko, yale mabibo yaliyokaushwa, aliyoyaficha kwenye kikapu akidhani hatuyajui.

Hamisi alikuwa dereva. Reli niliijenga mimi. Nilipasua mianzi nikapata fito nyembamba, nikakata vijiti vya muhogo nikavilaza chini, fito juu yake. Mabehewa yalikuwa viberiti vitupu. Kazi ikawa kwenye kona. Uvungu wa kitanda ni mfupi, treni haijaanza vizuri imeshafika kwenye mguu wa kitanda na inatakiwa kukata kona, na viberiti vilivyofungwa pamoja havikubali kukata kona kali. Vinapinduka. Nililia machozi kwa ajili ya ile kona. Mwishoni nikavikata viberiti katikati, vikawa vifupi kama meno, na siku treni ilipopita kwenye mguu wa kitanda bila kuanguka nilipiga ukelele mpaka Bibi akaamka.

Wakati huo macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, anaona mwanga na vivuli tu. Mchana baada ya sala alikuwa anajilaza, na sisi tuko chini yake. Kumbe alikuwa halali. Alikuwa anasikiliza.

"Mume wangu," alimwita Hamisi, maana ndivyo alivyokuwa akimtania, "hiyo treni au mbuzi kafungwa kamba?"

"Treni, Bibi."

"Mbona inazunguka tu? Nasikia inapita, inapita, inapita. Treni haizunguki. Treni inaondoka. Inakwenda mpaka huisikii."

"Itakwenda wapi Bibi, na kitanda ndiyo kimeishia hapa?"

Nikasikia kamba za kitanda zinalia, amegeuka. Kisha akasema, "Nyuma ya sanduku langu kuna nini?"

Nyuma ya sanduku hakukuwa na kitu. Ni upenyo mwembamba tu kati ya bati na ukuta, hata paka alipita kwa shida. Nikaipeleka reli huko. Na hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho shule haikunifundisha: mahali padogo panakuwa pakubwa ukipaficha kidogo. Treni ilitoka Nachingwea kwenye mguu wa kichwani, ikasimama Ruponda katikati kupakia karanga, ikaingia nyuma ya sanduku, na pale nyuma palikuwa Mtwara. Huioni. Hamisi aliivuta kwa uzi tuliouchomoa kwenye gunia, na ikifika Mtwara, Bibi alikataza kabisa isirudi papo hapo.

"Tulieni. Mtwara siyo hapo mlangoni. Wacha washushe mzigo."

Basi tunasubiri. Watoto wawili wamelala vifua chini kwenye udongo, wanaangalia sanduku la bati, wanasubiri treni ya kopo ishushe mzigo bandarini. Nikiwaambia watoto wa leo watacheka. Video ikichelewa kufunguka kidogo tu wanakutupia simu, mama hii mbovu. Sisi tulisubiri, na tukiwa tunasubiri Bibi alikuwa anatuambia upepo wa huko unanukia chumvi, jambo ambalo yeye mwenyewe hakulijua, alilisikia madirishani. Treni ikitokeza kwenye kona ya sanduku, tunashangilia kana kwamba hatukujua itatokea.

"Tumefika wapi?" anauliza Bibi kutoka juu.

"Ruponda, Bibi!"

"Mzigo mbona umepungua?"

Mzigo ulikuwa karanga, na karanga alikuwa anazila dereva.

Halafu ukaja msimu wa korosho, na tukafanya kosa ambalo mtoto wa mahali pengine asingeweza kulifanya. Sakafu ilikuwa ya udongo, na kila ilipofagiliwa reli ilihama. Nikawa nataka kuigandisha kwenye vipande vya maboksi vya kutandaza chini. Gundi hatuna. Nje mama anabangua korosho za kuchoma, moto unatoa moshi mweusi, na maganda yanatoa yale mafuta mazito meusi yanayong'ang'ania kila kitu. Kila mtoto wa kwetu anajua mafuta ya ganda la korosho yanababua. Tunajua tangu tunatambaa. Lakini Hamisi akasema yakishapikwa ukali unakufa, ni kama pilipili, na mimi nikaona kweli. Tukakusanya kwenye kifuu, tukapaka vijiti vyote, tukagandisha reli nzima. Ilishika vizuri sana! Mpaka leo sijaona gundi kama ile.

Kesho yake vidole vya Hamisi vilikuwa vinamenyeka kama muhogo uliochemka. Mimi wakati wa kupaka kule nje nilikuwa nimepiga magoti juu ya yale mafuta, kwa hiyo magoti yangu yalikuwa na malengelenge, na sehemu nyingine sitaitaja kwa sababu nilikaa pia. Shuleni Hamisi alishindwa kushika kalamu. Mimi nilishindwa kukaa kwenye dawati. Mwalimu alitutazama akauliza nyumbani kwetu kuna vita gani. Mama alitupaka mafuta ya nazi, akatuchapa, akatupaka tena.

Hilo ndilo lililotuponza. Mjomba Mfaume, kaka yake mama, ndiye aliyekuwa na kauli kwenye ile nyumba, na korosho zake zilikuwa zimeshaanza kuingia kwenye magunia. Chumba cha pili kilikuwa kinavuja, korosho ikilowa imeharibika, na sehemu kavu iliyobaki ilikuwa uvunguni kwa Bibi. Akaja amesimama mlangoni, akayaona maboksi yetu meusi, akaona na vidole vya Hamisi.

"Mama, hayo makopo yatoke leo. Yameshawachubua watoto mikono, na mimi kesho naleta magunia."

"Yalete," alisema Bibi.

"Yatakaa hapo chini."

"Hapo chini pana reli."

Mjomba akacheka. "Mama! Reli waling'oa mimi sijazaliwa."

"Waling'oa ile," Bibi akasema. "Ile hawakuniuliza. Niliamka tu asubuhi na ungo wangu wa mihogo, naambiwa haiji tena. Hii ya sasa umekuja kuniuliza. Haya, nakujibu: haing'olewi."

Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya mlango, magoti yanawaka. Nilijua tumekwisha. Hakuna aliyembishia Mjomba Mfaume, na korosho ndiyo ilikuwa sare zetu, daftari zetu, dawa ya Bibi, kila kitu. Hata mimi kwa utoto wangu nilijua korosho haiwezi kulala nje kwa sababu ya kopo la samaki. Naye Mjomba hakuwa mtu mbaya. Alisugua kichwa akasema kwa upole, "Sasa mama, niziweke wapi?"

"Kijiji hiki hakina tofali?"

"Tofali za nini?"

"Nyanyua kitanda. Weka korosho chini, watoto waweke reli yao juu ya korosho, mimi nilale juu ya reli. Kila mtu ana nafasi yake."

"Utapandaje huko juu, mama?"

"Mtanipandisha. Mbona mimi nimewapandisha ninyi mgongoni miaka yote, niliwauliza nitawashushaje?"

Na ndivyo ilivyokuwa. Mjomba akaleta tofali za kuchoma, akazipanga chini ya kila mguu, kitanda kikawa juu kama kichanja cha kukaushia vyombo. Magunia yakaingia, juu ya magunia akalaza mlango mbovu wa jikoni, na juu ya mlango nikajenga reli upya, sanduku likasimamishwa wima mwishoni kuificha Mtwara. Safari hii niligandisha kwa ulimbo ambao Hamisi alikuwa akinasia ndege. Haukubabua mtu, ila ulinasa nzi, na treni ilikuwa ikipita kati ya maiti zao. Nafasi ilikuwa finyu kuliko mwanzo. Mkono ulipita, kichwa hakikupita. Niliunganisha kona kwa vidole, bila kuona, nikijua sasa Bibi anavyojua vitu.

Siku ya kwanza Mjomba na mama walimnyanyua Bibi wakamweka kule juu. Alikaa, akapapasa pembeni, akagundua miguu yake inaning'inia kama ya mtoto. Akacheka mpaka ushungi ukamdondoka.

"Haya dereva," alisema. "Na mimi sasa ni abiria. Ondoa gari."

Hamisi akavuta uzi. Mjomba Mfaume naye alibaki amesimama palepale na vumbi la tofali mikononi, akaitazama treni mpaka ikaingia Mtwara. Akasubiri kama sisi. Ilipotokeza, yeye ndiye aliyesema kwa sauti, "Tumefika Ruponda, mama."

Msimu wote Bibi alilala kule juu. Wakati ule niliona ni jambo la kuchekesha, na tulikuwa tukiwasimulia wenzetu shuleni kwamba bibi yetu analala ghorofani. Ni mpaka nilipojifungua Somoe, mgongo unakataa, kushuka kitandani tu mpaka mtu anishike, ndipo nilipoelewa. Mwanamke mzee, haoni, kila akitaka kwenda msalani lazima aite mtu amshushe. Kila akitaka maji, kila sala. Alikubali kunyanyuliwa kama mzigo mbele ya mwanawe ili mimi nisiing'oe reli yangu. Hakunikumbusha hata siku moja. Sikumshukuru, kwa sababu sikujua kuna cha kushukuru, na alipofariki nilikuwa bwenini, sekondari, nikaambiwa ameshazikwa. Nilichokuwa nacho ni hicho tu, kwamba kuna mtu aliwahi kunyanyua kitanda chake kwa ajili yangu. Kimenitosha kwa mengi. Hata hesabu nilizipenda kwa sababu ya ile kona.

Basi juzi, Somoe amesimama mbele yangu na vipande vyake kwenye khanga yangu, nikasimama. Nikamwita fundi wa mtaa wa pili, yuleyule aliyetengeneza kitanda chetu.

"Toa droo zote," nilimwambia. "Kata hizi mbao za pembeni. Kiwekee miguu."

"Dada, hiki ndiyo mtindo wa kisasa. Utakiharibu."

"Kiharibu. Na miguu iwe mirefu."

Alipomaliza niliona kitanda bado kiko chini. Nikaenda nyuma ya nyumba, kwenye tofali zilizobaki za mama mwenye nyumba. Nikamwomba kwa adabu zote, maana hasira yangu haikunisahaulisha kwamba napanga. Alinitazama kutoka juu mpaka chini.

"Za nini tena, Mama Somoe?"

"Umesema koridoni pasionekane kitu. Naipeleka reli uvunguni."

Aliniashiria tu kwa kidevu nichukue. Ila nilipoinama kuzibeba, aliinua mbili mwenyewe akanifuata nazo mpaka mlangoni. Sijamsamehe yote, lakini hizo mbili nimezihesabu.

Mume wangu aliporudi kazini alisimama mlangoni kama alivyosimama Mjomba.

"Mke wangu, umeshikwa na nini?"

"Shika huko kwenye kichwa cha kitanda, nyanyua."

"Tutakuwa tunapandia ngazi?"

"Utakuwa unanipandisha."

Alicheka, akanyanyua. Nikampigia simu Hamisi, siku hizi anaendesha lori, yuko njiani Masasi. Nikamweleza. Nikasikia amesimamisha lori pembeni, akaniuliza, "Sanduku unalo? Usisahau Mtwara." Sanduku la bati sina, nimeweka begi la nguo. Ni yaleyale.

Wenzangu, najua vyumba vyetu ni vidogo. Najua nyumba ya nyasi ya Ruponda ilikuwa na watu kumi na bado ilikuwa na pembe moja ambayo mtoto angeweza kuiita yake, na sasa tuna bati, umeme, televisheni ya ukutani, na pembe hiyo hatunayo. Tumeijaza makochi. Halafu tunalalamika mtoto hatoki kwenye simu, wakati ndani ya simu ndiyo mahali pekee tulipomwachia.

Jana Jumapili mchana nilijilaza kule juu. Miguu inaning'inia. Chini yangu nikasikia kitu kinakwaruza mbao, kinapita kwenye mguu wa kitanda, hakianguki, kinaendelea, kinafifia. Kikanyamaza. Nikangoja, mwisho nikashindwa.

"Bibi," nilimwita binti yangu, maana ndivyo ninavyomwita, "tumefika wapi?"

"Mama na wewe! Tulia kwanza," sauti ikatoka chini. "Tupo Mtwara. Wanashusha mzigo."

Nikatulia.